Sentimita Tano Alizozikataa Sunnvør

Shemeji yangu Sunnvør haamini kitu. Ukimwambia nje mvua inanyesha, atafungua dirisha, atatoa mkono, na akishalowa atakuuliza umejuaje. Marehemu kaka yangu aliishi naye miaka ishirini na sita, na nadhani siku ya mazishi shemeji alichungulia jeneza mara mbili kuhakikisha aliyelala mle ni mumewe. Nasema hivi kwa sababu kumtania ni haki yangu, na kwa sababu hapa Hamravík, kijiji chetu cha Visiwa vya Faroe, hakuna anayemjua kuliko mimi. Kwa kweli hakuna anayejua jambo lolote kuliko mimi, ila wenzangu wanaona tabu kukiri.

Miaka thelathini na moja alisimama kwenye meza ya kukata minofu, katika kiwanda cha samaki pale bandarini. Wakaguzi walikuja na vipimo vyao vya kumetameta. Yeye aliinamia kreti, akanusa, akasema, "Huyu wa juzi," na samaki akawa wa juzi kweli. Hata msimamizi alikuwa akinawa mikono kabla ya kumsalimia.

Kiwanda kilipofungwa, jumba likabaki tupu. Na kwa kuwa majira ya baridi upepo wa kwetu unaweza kuubeba mpira wa kona mpaka Iceland, klabu yetu ya mpira ikalichukua jumba lile kwa mazoezi ya wasichana. Ndipo akaja Teitur, kocha kijana kutoka Klaksvík, aliyesomea mambo ya misuli kule Denmark. Mpira akauweka kabatini, akawapa wasichana makasha ya mbao. Panda, ruka chini, gusa sakafu kama vile inaunguza, ruka tena juu. Alisema mguu ni springi, na springi haifundishwi kwa kukimbia polepole kuzunguka uwanja. Makasha niliyatengeneza mimi. Mpaka leo hakuna kona iliyolegea, nenda kayatikise.

Sunnvør hakukosa zoezi hata moja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na sweta lake la kufuma, akimtazama Teitur kama alivyokuwa akiwatazama samaki wale wa juzi. Sababu yake ilikuwa Armgarð, mjukuu aliyemlea, msichana wa miaka kumi na minne aliyerefuka sentimita nane kwa mwaka mmoja. Armgarð alitaka kitu kimoja tu duniani: kuitwa kwenye kambi ya wasichana ya Visiwa vya Faroe, kule Tórshavn, mwezi wa Aprili.

Januari Teitur aliwapima. Kila msichana alipaka vidole chaki, akasimama kando ya ukuta, akanyoosha mkono na kuacha alama. Kisha akaruka na kuacha alama nyingine juu yake. Nafasi kati ya alama hizo mbili ndiyo mruko wake. Teitur akaweka sharti: atakayeongeza sentimita tano kufikia mwisho wa Februari ataacha kasha fupi, lile la usawa wa goti, na kuanza kuruka chini kutoka kasha refu, la usawa wa paja. Armgarð akajiaminisha kwamba bila kasha refu hakuna kambi.

Katikati ya Februari wavuvi walirundika nyavu zao pale pale kwenye alama. Teitur akaniomba nizihamishe alama, hatua tano upande wa mlangoni. Nilichukua pimamaji yangu nikachora mistari kumi na mmoja, mmoja kwa kila msichana, kutoka alama yake ya juu ya Januari hadi mahali papya. Shule niliiacha mapema, lakini mstari wangu haujapata kupinda. Kile kipovu cha pimamaji kilitulia katikati kama mchungaji kwenye mimbari.

Siku ya kupima upya waliruka tu, wakapimwa walivyoupita mstari, na wote walikuwa wameongeza. Wote. Armgarð aliongeza saba. Wasichana wakakumbatiana, na Teitur akajifuta macho kwa mkono wa jezi, akaziandika namba na kuzituma Tórshavn jioni ile ile.

Sunnvør aliacha kufuma. Aliniuliza Durita, mmoja wa wasichana wale, naye ameongeza ngapi. Nikamwambia tano. Durita alikuwa amelala na homa wiki mbili nzima, kasha hajalikanyaga.

"Tano," akasema. "Kitanda chake kina springi gani?"

Tangu hapo hakutulia. Kwanza alimshuku Teitur, kwamba anajipendekeza kwa wazazi. Kisha akainusa chaki. Halafu akanishuku mimi, akataka kujua siku ya kuchora nilikunywa nini. Nikamjibu kahawa, na ilikuwa kweli, kwa sehemu kubwa.

Jumapili nilikula kwao, viazi na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo. Armgarð alisema kesho anapanda kasha refu. Bibi yake akamwambia kwamba anamsikia asubuhi akishuka ngazi, mguu wa kushoto unatangulia kila mara na wa kulia unaburutwa. Mtoto akasukuma sahani.

"Bibi, wewe hata mguu wangu huuamini."

"Mguu wako nauamini. Namba ndiyo siiamini."

Jumatatu alitutangulia wote. Tulimkuta kando ya ukuta na ndoo ya maji.

"Shemeji," akaniambia, "mstari wako umenyooka?"

Nikamwambia umenyooka kuliko yeye.

"Ulipima ukuta. Sakafu uliipima?"

Nilicheka. Nani anapima sakafu? Akainamisha ndoo taratibu pale wasichana waliporukia mara ya mwisho. Maji hayakujiuliza. Yalikimbia kando ya ukuta, yakapita chini ya nyavu, yakaingia kwenye mfereji ulio hatua chache mbele.

"Miaka thelathini na moja nimesukuma damu ya samaki kwenye mfereji ule," akasema. "Haikuwahi kupanda."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sakafu ya kiwanda hujengwa kwa mteremko ili maji yatoke. Mstari wangu ulikwenda sawasawa, sakafu ikapanda, na wasichana wakaruka kutoka mahali palipoinuka. Teitur alipiga magoti na futi yake. Sentimita tano kamili. Uso ulimwiva mpaka masikioni, maana alikuwa karibu kuwapandisha watoto kumi na mmoja kwenye kimo ambacho magoti yao hayajakifikia. Alilibeba kasha refu mwenyewe akalirudisha stoo. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba mstari ulikuwa sahihi.

Armgarð alisimama kwenye maji na viatu vyake.

"Umenipunguzia, Bibi."

"Mbili ni zako," Sunnvør akasema. "Tano zilikuwa za kiwanda."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Teitur akakumbuka kwamba namba zimeshafika Tórshavn. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa hapana, kwamba pengine zingeachwa tu, huko nako watapima wenyewe. Akamtazama Sunnvør. Sunnvør akatazama ndoo. Nilitaka kutoa ushauri, shemeji akanikanyaga kidole.

Armgarð alikaa juu ya kasha fupi akavua kiatu, akakamua soksi, akakivaa tena. Alichukua muda mrefu kwenye kamba.

"Waandikie mbili," akamwambia Teitur. "Na uwaambie goti la kulia linauma."

Wiki ile hakuruka. Teitur alimfundisha kutua tu, kutoka kimo cha kitabu cha simu, na nyumbani Armgarð alimsemesha paka peke yake. Ijumaa iliyofuata barua ikaja: aende Aprili pamoja na goti lake, daktari wa kambi atalitazama kwanza. Jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Armgarð aliisoma amesimama, akampa bibi yake, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake, kama kumpa mtu karatasi ni neno.

Sunnvør aliisoma, akaigeuza nyuma, akaimulika dirishani. Kisha akapiga simu Tórshavn kuuliza kama wana hakika ni Armgarð yule wa kwetu.