Uhamisho wa Mwalimu Gaudiosa

Mwalimu Gaudiosa alikuwa amechoka, na tusimtafutie neno zuri kuliko hilo. Miaka kumi na moja alifundisha hesabu katika shule ya msingi moja ya kata ya Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, yeye Mmatengo wa milimani ambaye hadi leo joto la huku humtoa jasho akiwa ameketi. Kwao ni Namswea. Huko alimwacha mama yake, Vitalia, ambaye miguu ilianza kumkatalia mwaka juzi. Msimu uliopita bibi huyo alichuma kahawa akiwa amekaa juu ya ndoo, akiisogeza kutoka mche hadi mche. Gaudiosa alipoambiwa hivyo hakula siku nzima.

Basi akatafuta mwalimu wa kubadilishana naye, na bahati ikamwangukia. Mwalimu Othmar, anayefundisha Kiswahili karibu na Namswea, ameoa Mnyasa na alitaka kushuka ziwani. Fomu zikajazwa, ikabaki saini moja tu, ya Mwalimu Mkuu Dunstan.

"Mwalimu, darasa la saba wanatuaibisha kwa hesabu, mwaka wa tatu huu," Dunstan alimwambia. "Wainue kwenye mtihani wa majaribio wa kata, nami nitasaini siku hiyohiyo."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Gaudiosa akainama mpaka mgongo ukamuuma.

Mwaka mmoja nyuma walikuwa wameitwa semina Mbamba Bay. Mwezeshaji mmoja, kijana mwenye viatu vya kung'aa, aliwaambia mwalimu wa kisasa hutumia teknolojia na somo lake huwa hai. Akawaonyesha picha ya darasa lenye watoto ishirini na projekta. Sawa, kaka. Gaudiosa alikuwa na watoto themanini na wanane, na kishikwambi kimoja cha serikali chenye ufa kwenye kioo, ambacho chaji yake haimalizi vipindi viwili. Hata hivyo alijaribu. Alifungua video ya hesabu. Wa mbele wakaona, wa katikati wakasikia, wa nyuma wakapigana. Siku ile alirudi nyumbani akalala na viatu.

Kilichowashinda watoto hasa ni eneo na mzingo. Mistatili ya ubaoni haikuwaingia kabisa. Gaudiosa akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoelewa, utotoni, kwenye ngolo za baba yake, yale mashimo ya pembe nne ambayo Wamatengo huchimba mteremkoni na kuyazungushia matuta ili mvua isichukue udongo. Akamwomba kaka yake Hyasinti ampigie picha mlima wa jirani wenye ngolo, akaipitisha kwenye kishikwambi dawati kwa dawati, moyo ukimdunda kwa kutamani nyumbani. Na hapo alifanya kosa la mtu wa milimani: alidhani kila mtoto duniani anaijua ngolo.

Darasa lilikodoa macho tu. Kisha Luisa, binti wa mshona nyavu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona kwenu wanaanika nyavu mlimani?"

Darasa zima likacheka. Gaudiosa alipandwa na hasira, maana hayo yalikuwa mashamba ya kwao. Lakini alipoitazama tena ile picha, akaona kweli ni wavu mtupu.

"Haya, Luisa. Baba yako anajuaje wavu una matundu mangapi? Anahesabu yote?"

"Hapana, Mwalimu. Anahesabu ya upande huu na ya upande ule, anazidisha, basi, anajua ya wavu mzima."

"Na ile kamba ya pembeni?"

"Hiyo anaizungusha pande zote nne, ndiyo anajua ni ndefu kiasi gani."

Mtoto alikuwa amefundisha eneo na mzingo kwa sentensi mbili, naye Gaudiosa alikuwa ameshindwa muhula mzima.

Kesho yake wavu mkuukuu ulitandazwa sakafuni. Kwa wiki sita walihesabu matundu, wakakunja wavu nusu, robo, thuluthi, wakapigana picha kwa kishikwambi na kuzitazama wakisahihishana. Usifikiri ilikuwa sherehe. Kila asubuhi madawati yalitolewa nje na kila mchana yakarudishwa. Usipa, dagaa wa huku, walipojaa ziwani, nusu ya darasa ilibaki ufukweni kuanika samaki, na mwalimu akaenda kuwafuata mmoja mmoja kwenye vichanja, akibembeleza mama zao. Sauti ilimkauka. Alivumilia kwa sababu alikuwa anaondoka.

Matokeo yalipotoka, waliofaulu hesabu walikuwa sitini na mmoja. Mwaka uliotangulia walikuwa kumi na tisa. Gaudiosa alifunga vikombe vyake kwenye magazeti, akaenda ofisini.

Dunstan alimpa mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wazazi wamekuja asubuhi, Mwalimu. Wamesema ukihama wewe, nami nihame."

"Uliniahidi, Mwalimu Mkuu."

"Niliahidi," alisema, macho mezani. "Nilidhani hawatafaulu."

Akaongeza kwamba Othmar ni mtu wa Kiswahili, kwamba darasa la sita nao wanasubiri, kwamba labda mwakani. Fomu ikaingia kwenye droo. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Hawakusema ukizuiwa kwenda ufanyeje.

Jioni alimpigia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unafika lini? Kahawa imeanza kuiva."

"Siji, mama. Wamenikatalia."

Mama huyo alijua sababu moja tu ya mtu kunyimwa ruhusa ya kurudi kwao.

"Umefanya kosa gani, Gaudiosa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Watoto wamefaulu, mama," alisema Gaudiosa, akaanza kulia.