Vinyweleo Vilivyokawia

Usiku ule nililala na viatu, taarifa ya maabara ikiwa mezani, tayari kukabidhiwa asubuhi. Nilikuwa nimeandika kwamba viinitete vilivyopigwa mionzi havikuota vinyweleo tena. Ni viinitete vya wale wanyama wa miiba wanaotuchoma miguu ufukweni. Ukivitia kwenye maji ya chumvi kali, vinyweleo vyao vya kuogelea hukatika. Ukivirudisha kwenye maji ya kawaida, huota upya. Hivi vyangu nilivikuta vimetulia tuli kwenye kitako cha sahani, nikavimwaga. Nilikuwa na haraka ya kumaliza, na naona haya kuisema.

Nikajiona niko maabara, mchana kweupe. Bi Rahma, mwalimu aliyenifundisha kutumia hadubini, alifariki mwaka jana, lakini yuko pale, anafunika sahani kwa kipande cha kanga kilicholowa ili viinitete visipate joto, kama desturi yake. Kichwani hana unywele hata mmoja. Mara sahani imekuwa kitanda cha wodini, na aliyefunikwa kanga ni yeye.

Moyo uliniuma. Alipokuwa akitibiwa kwa mionzi nilikwenda kumwona mara moja tu. Nilimkuta kafumba macho, hasemi, nikajiambia mwalimu ndiyo basi tena, nikaondoka na sikurudi. Baadaye dada yake alinieleza kwamba aliamka, akaomba uji, akaniulizia.

Nataka kumwomba radhi. Yeye ananisogezea kiti kama alivyozoea nikichelewa kazini, wala hana kinyongo usoni.

"Ulivitazama mara ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia mara moja. Hata angeuliza kuhusu yeye mwenyewe, jibu lingekuwa hilohilo, na nadhani alijua.

"Aliyepigwa mionzi hukawia. Usimwandike maiti kwa kuwa wewe una haraka."

Ananiachia hadubini. Natazama: kiinitete kimoja kinatikisika, kinageuka, kinaogelea. Nikaangua kilio kwa furaha, na nilipofumbua macho mto ulikuwa umelowa kweli.

Kulikuwa kumekucha. Nilikata sentensi ile, nikaandika juu yake kwamba sijui kama vinyweleo vinaota, kwa sababu sikuvisubiri. Mkuu wa maabara atanifokea, na ana haki. Nitamwomba sahani nyingine, na safari hii nitakaa nayo mpaka mwisho.