Shikamoo ya Horohoro

Mama yangu alikuwa mpokea simu wa kampuni moja ya viungo mjini Tanga tangu kabla sijaanza shule. Kampuni hiyo ilinunua iliki na mdalasini kutoka Amani na karafuu kutoka Wete, Pemba, na mizigo mingi ikavushwa mpakani Horohoro kwenda Mombasa. Mama alikaa kwenye chumba chembamba karibu na mlango, mbele ya swichibodi yenye vitufe na taa nyekundu, na kila aliyepiga alipitia kwake.

Kulikuwa na kazi moja aliyojipa mwenyewe. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupiga, alizungukia matawi yote kwa simu kuona kama laini ziko hai. Siku za likizo alinichukua ofisini, nami nikakaa sakafuni karibu na miguu yake nikimsikiliza.

"Amani, mmeamkaje? Mvua imepungua?"

"Wete, habari za huko?"

"Horohoro, shikamoo. Mgongo umeamkaje leo?"

Aliwaita kwa majina ya mahali pao, nao wakamwita Tanga. Horohoro alikuwa mzee mmoja, mlinzi wa ofisi ya mpakani, ambaye ndiye aliyefungua mlango alfajiri na kwa hiyo ndiye aliyepokea simu ya kwanza. Alisumbuliwa na mgongo. Mama alishamtajia kila dawa aliyoijua, kuanzia mafuta ya karafuu mpaka kulala sakafuni, akimwelekeza kwa simu. Hawakuwahi kuonana.

Nilipokua nikasomea mitandao, nikaajiriwa na bwana mmoja mwenye karakana ya kompyuta na intaneti pale Ngamiani. Siku moja akaniita akaniambia tumepata kazi kubwa. Kampuni ya viungo inataka kuunganisha simu za matawi yake yote kwenye mtambo mmoja. Hadi hapo kila tawi lilikuwa na laini yake ya waya, na Amani akitaka kuzungumza na Wete ililipiwa kama simu ya mbali. Waya zenyewe zilikuwa zimechoka. Sasa simu zote zingepita kwenye intaneti hadi Tanga, kila meza ingekuwa na namba fupi ya ndani, na mteja akipiga angejibiwa na sauti iliyorekodiwa ikimwambia abonyeze moja kwa mauzo, mbili kwa ghala, na kuendelea. Swichibodi isingekuwa na kazi tena.

Jioni nilimkuta mama anachagua mchele. Nikamweleza.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekuja kuning'oa," akasema bila kuinua macho.

"Naing'oa swichibodi, mama. Wewe unahamia meza ya wateja mpaka ustaafu. Meneja ameshasema."

Akatupa chuya kando. "Mimi na ile swichibodi tumezoeana mno. Nikipiga Horohoro asubuhi kwa hizo simu zako, nitamsikia?"

"Utamsikia vizuri kuliko sasa."

"Basi njoo ufanye kazi yako."

Meneja, mama mmoja mwenye maneno machache, alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Wafanyakazi wa matawini waliziogopa simu mpya. Akamwomba mama afuatane nami, awafundishe namna ya kupokea na kuhamisha simu, kwa sababu yeye wangemsikiliza. Ndivyo mama, aliyezungumza na matawi yale miaka yote, alivyopata kuyaona.

Tulianza Amani. Njia ilikuwa na utelezi, na mama alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili njia nzima akisoma dua. Tulipofika akashuka, akamwomba maji mtu aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Yule mtu akabaki anamtazama. "Tanga," akasema. Alikuwa msimamizi wa ghala, Mshambaa mrefu mwenye koti la mvua. Akatuambia alidhani Tanga ni mama mnene, kwa jinsi alivyokuwa akiwakaripia. Mama alikuwa mwembamba kama mimi. Walicheka, wakatupikia ndizi, na nilipomaliza kufunga ruta ya intaneti mama akawafundisha mpaka kila mmoja akaweza kuhamisha simu bila kuikata. Alirudi Tanga na furaha, amebeba kifurushi cha iliki mapajani.

Juma lililofuata tukaenda Horohoro. Mama aliamka mapema akakaanga mahamri na kuyafunga kwenye kitambaa. Alinunua pia kopo la dawa ya kuchua. Njiani, tulipopita Amboni, aliniuliza kama ushungi wake umekaa sawa.

Ofisi ya mpakani ni vyumba viwili kando ya barabara, malori yamejipanga mbele yake yakisubiri karatasi. Mlangoni alitupokea kijana wa rika langu, mwenye sare ya ulinzi, ndevu zake zimechongwa vizuri. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama. Karibuni."

Mama hakuitikia. Alisimama na kifurushi chake, anamtazama mdomoni. Nilidhani safari imemchosha. Kisha nami nikakumbuka sauti ile. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo na lafudhi ya Kidigo, na nilishaisikia mara nyingi ikitoka kwenye mkono wa simu ya mama.

"Sema tena," mama akasema.

"Shikamoo mama."

"Horohoro ni wewe?"

Yule kijana akatazama chini. "Ni mimi, mama. Kabla yangu alikuwa baba. Mgongo ulimzidi, hawezi kusimama tena. Msimamizi hapa akanipa nafasi yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Mama akaweka mahamri juu ya meza taratibu. "Miaka miwili hiyo nakuamkia shikamoo, mtoto wa rika la mwanangu, nawe unaitikia marahaba?"

Madereva wawili waliokuwa ndani wakaacha mazungumzo yao. Yule kijana akavua kofia.

"Siku ya kwanza ulipiga ukasema shikamoo, ukauliza mgongo, kabla sijafungua kinywa," akasema. "Nikaitikia, nikajisemea jioni nitamwambia mzee. Nilipomwambia alifurahi. Kesho yake ukapiga tena. Nikaona nikisema si yeye, hutouliza tena, na hicho ndicho kitu mzee anachokingoja nikirudi nyumbani. Anauliza kabla sijakaa, Tanga kasema nini leo? Kwa hiyo marahaba yote niliyoitikia ni ya kwake, mama. Kila shikamoo nimeifikisha."

Mama akamtazama usoni. Akatoka nje, akasimama kivulini ukutani na mgongo wake umetugeukia. Mimi sikujua niende au nibaki, nikaamua kufanya kilichonileta. Nikaiwasha ruta iliyokuwepo pale ofisini, nikaweka simu mpya mezani, nikampigia mwenzangu aliyekuwa kwenye mtambo Tanga. Nilimsikia vizuri anasema haloo, haloo, lakini yeye hakunisikia. Sauti ilikuwa inakuja bila kwenda. Nilihangaika na ile ruta kwa muda, nikibadili mpangilio mmoja baada ya mwingine, mpaka nikagundua kwamba ilikuwa na kizuizi kilichoachwa na fundi wa intaneti aliyenitangulia. Nilipokiondoa, mwenzangu akasema, "Sasa nakupata." Nikageuka, nikamwona mama amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Baba yako anakaa wapi?" akamuuliza yule kijana.

"Nyumba ya tatu nyuma ya ofisi."

"Tupeleke."

Nyumba ilikuwa ya udongo iliyopigwa lipu, safi, ua umefagiliwa. Mama akatangulia mpaka kizingitini, akatengeneza ushungi.

"Hodi hapa."

Kitanda kikalia. Kisha kutoka chumba cha ndani ikaja sauti ile ile, imezeeka kidogo tu.

"Karibu, Tanga."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya mtandio kabla ya kuingia. Mzee alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, mdogo wa umbo, kikofia cheupe kichwani. Alijaribu kuinuka, mama akamzuia.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Yale mafuta ya karafuu yaliniwasha sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia huyu akwambie. Akasema utakasirika."

Tulikaa kidogo tu, kwa sababu mzee alichoka upesi. Aliacha mahamri na dawa ya kuchua. Mwanawe alitusindikiza, na barabarani mama akamshika bega. "Wewe usiniitikie tena marahaba," akasema. Kisha akaongeza, polepole, "Lakini umefanya jambo zuri."

Kwenye gari kurudi Tanga tulipita Duga. Hapo akaniuliza kama waya wa simu zangu unaweza kufika nyumba ya tatu.

Nilimwambia unaweza, ila si uamuzi wangu. Kesho yake tukaenda kwa meneja pamoja. Meneja alisikiliza, akasema namba za ndani ni za wafanyakazi. Mama akamweleza jambo nililoliona mwenyewe siku ile: mlinzi hutoka kwenda kwenye malori, msimamizi huwa forodhani na karatasi, na simu hulia ofisini bila mtu. Wateja wanataka kujua kama gari limevuka. Mzee anaisikia barabara kutoka kitandani, na kila dereva humpitia kumjulia hali.

"Ikilia ofisini isipopokelewa, inaweza kwenda kwake?" meneja akaniuliza.

"Inaweza. Ni kuuambia mtambo tu."

"Basi mpe. Na apewe chochote kila mwezi."

Nikarudi Horohoro na simu moja ya akiba, nikavuta waya nyuma ya nyumba mbili kwa ruhusa ya wenyewe, nikaiweka juu ya kigoda karibu na kitanda. Mzee aliitazama sana kabla ya kuigusa. Wa kwanza kumpigia alikuwa mama. Baada ya hapo walipiga wateja, na baada ya muda wengine walikuwa wakimtaka yeye hasa, maana aliwajibu kwa utulivu na hakuwadanganya. Mwanawe aliniambia mzee alianza tena kunyolewa kila Ijumaa.

Swichibodi niliing'oa mwenyewe siku ya Jumamosi. Mama alikuja kunisaidia kufuta vumbi lililokuwa nyuma yake. Meza ya wateja hakuipenda mwanzoni, kisha akaizoea, na mwaka jana akastaafu.

Idd iliyofuata kustaafu kwake, Horohoro walikuja kwetu. Mwanawe alikodi gari, akamlaza mzee kiti cha nyuma juu ya mito, polepole mpaka nyumbani kwetu Makorora. Tukamtandikia sebuleni. Mama akaketi mkabala naye kwenye mkeka, amevaa gauni jipya, na wote wawili wakanyamaza. Walitazamana, wakatabasamu, wakatazama pembeni. Mzee aliuliza habari za mvua, mama akajibu salama, yakaisha. Mimi na mwanawe tukabaki tunasukumiana sahani ya tende kwa aibu ya kimya kile.

Mwishowe mama akanyanyuka kwenda jikoni kutazama pilau. Jiko letu liko nyuma ya ukuta wa sebule, na juu ya ukuta kuna uwazi wa hewa.

"Horohoro," akaita kutoka huko, "yule mteja wa malori ya chumvi bado anakusumbua?"

Mzee akaweka kikombe chini, akafumba macho kwa raha. "Tanga, wewe acha tu. Juzi kanipigia mara nne."

Wakaendelea hivyo mpaka pilau likaiva, na hata lilipoiva mama hakutoka jikoni. Mimi ndiye niliyepakua.