Walipomnyima Mkasi

Kwa miaka kumi na minane, hakuna sare iliyotoka katika karakana ile ya ushonaji bila kupita mikononi mwake. Alikuwa fundi wa kukata vitambaa, na wenzake walimwita Mama Mkasi.

Halafu sonona ikamshika. Haikuja kwa kishindo. Usingizi ulimpotea, chakula kikamshinda, mpaka asubuhi moja alisimama mbele ya kitambaa, chaki mkononi, asijue aanzie wapi. Machozi yakawa yanamtoka tu. Dada yake ndiye aliyempeleka hospitali. Akapewa dawa, mshauri wa kuzungumza naye, na likizo ya miezi mitatu.

Siku ya kurudi alibeba barua ya daktari: amepata nafuu, aendelee na kazi yake ileile. Kwenye meza yake akamkuta mtu mwingine. Msimamizi akamwahi, anatabasamu kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Karibu, mama. Tumekutafutia kazi nyepesi. Utapanga vifungo."

"Na mkasi wangu?"

Msimamizi akatupia jicho kabati lenye kufuli jipya. "Unajua tena, vitu vyenye ncha... Ni kwa usalama wako. Na wa wenzako."

Wa wenzako! Huyuhuyu aliyejikata kidole akifungua boksi, akapiga mayowe karakana nzima, na ni Mama Mkasi aliyemfunga kidonda!

Akaketi, akapanga vifungo. Wenzake walimpa pole kwa sauti za msibani, kisha wakamkwepa. Saa ya chai, mama wa jikoni alimkatia mkate, halafu haraka haraka akakificha kisu nyuma ya birika. Hapo ndipo kifua kilipomjaa.

"Kwani nyumbani nakata nyanya kwa meno?"

Aliinuka, akamfuata msimamizi mezani kwake, akambwagia barua. "Daktari amesema nikate. Wewe ugonjwa wangu umeusomea wapi?"

"Mama, taratibu. Hasira si nzuri kwa hali yako."

"Aa! Nikinyamaza naumwa, nikisema naumwa! Basi andika. Andika kwamba sifai kukata, na sababu, uweke saini. Kalamu hiyo hapo."

Msimamizi aliitazama kalamu kana kwamba ni nyoka. Vyerehani vyote vikasimama. Ndipo mzee mmoja wa cherehani akainua shati juu.

"Bosi, tangu wiki iliyopita naletewa mikono miwili ya kushoto. Mpe mwenyewe mkasi wake tushone."

Kicheko kikapasuka. Msimamizi akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati. Hata samahani haikumtoka.

Jioni dada yake alifurahi. "Si wamekurudishia?"

"Wamenirudishia kilicho changu, dada. Ulitaka nipige vigelegele?"

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kazi, alipita ofisi ya chama cha wafanyakazi kuandikisha malalamiko. Katibu alisoma barua ya daktari, akashusha sauti.

"Una hakika, mama? Watu watajua ulikuwa unaumwa nini."

"Wameshajua," alisema, akavuta kiti. "Andika."