Ufa Uliofagiwa

Kazi yangu hapa Mtwara ni kukagua ardhi inayotaka kuporomoka. Masika yakielekea mwisho, natumwa kwenye makorongo ya upande wa Nanyamba niseme nani abaki na nani ahame. Haina ufundi mkubwa: unatafuta ufa, unachomeka fimbo uone inazama kiasi gani, unatazama mikorosho kama imeanza kulalia upande. Ufa ukiwa nyuma ya nyumba, watu watoke. Hakuna mjadala.

Mke wangu ni muuguzi, yuko Njombe na watoto. Mimi nimepanga chumba kimoja, nazungumza na redio. Upweke ule ulinitia hasira za kipuuzi. Hata mbu niliwagombeza.

Mwaka juzi nilifika kwa bibi mmoja mjane, nyumba yake hatua chache kutoka ukingo wa korongo. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio imenyooka. Sikuona ufa. Nikaandika: salama. Akanipa mihogo ya nazi, akaketi kunitazama nikila. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula huliwa pamoja na wenzako.

Nikawa narudi kila Jumamosi, eti kukagua. Safari ya tatu akacheka kwamba mgeni ni siku mbili tu, akanipa kisu nimenye mihogo. Nikawa namenya huku nikimweleza habari za wanangu, mpaka akawa anajua nani kang'oka jino.

Jumamosi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilifika mapema kuliko kawaida. Alikuwa hajamaliza kufagia. Ufa ulitoka korongoni, ukapita kando ya kaburi la mumewe, ukaingia chini ya ukuta wa jiko. Naye alikuwa ameinama na ufagio, anausukumia mchanga. Nilichomeka fimbo, ikazama hadi vidoleni.

"Bibi, huu umeanza lini?"

"Kabla hujaja mara ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungenihamisha. Mzee wangu nimwache na nani?" Akafagia kidogo. "Na wewe, mwanangu, ungekula wapi?"

Nilimkasirikia, nikajikasirikia zaidi. Wiki zote zile nilikuwa nimekanyaga ule mchanga laini nikienda kwenye sahani, na fimbo yangu nimeiegemeza ukutani. Sikutaka kuona. Siku ileile nilimpigia simu binti yake wa Madimba, akaja na bajaji kumchukua. Bibi aliondoka bila kunitazama, ufagio mkononi.

Jumanne korongo lilichukua jiko, likachukua kaburi, likachukua na nusu ya chumba alichokuwa akilala. Nilisimama mbali nikitazama. Nilikuwa nimeokoa mtu, na nilitamani sana kumsimulia mtu. Nikatoa simu, nikatafuta namba ya binti yake. Kisha nikairudisha mfukoni, maana bibi angeuliza kwanza habari za kaburi.