Vijiti Vitano vya Waridi la Mama

Admin, nifichie jina tafadhali, mama ana ndugu humu wanaosoma kila kitu.

Nina miaka ishirini na sita, binti wa pekee kwetu Bulembia, Kasese. Babu alianza na mistari miwili ya maua ya altare nyuma ya nyumba. Mama akaongeza shamba, na leo harusi nyingi kuanzia hapa hadi Bwera tunazipamba sisi. Linalotulisha hasa ni waridi moja jeupe lenye kingo nyekundu, hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Ili lisipandwe kwingine, kila shina tunalikwangua macho yote, vile vijicho vinavyochipua, kwa kisu kabla ya kuliuza. Kazi hiyo aliifanya Papa Kambale (si jina lake), mzee kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Ndiye aliyenifundisha hata kushika mkasi.

Mwaka jana mchumba wangu wa Bwera aliniomba: "Nipe vijiti vitano tu nipande kwangu, nikiamka niwe nakuona wewe." Jamani, nani angekataa? Nilikata asubuhi na mapema, macho yakiwa mazima, nikampelekea mwenyewe kwa boda.

Mwezi uliopita mama alialikwa harusi huko Bwera, akakuta waridi lake mezani. Wenye harusi walimwambia tu wamenunua sokoni. Aliporudi tu, akamwita Papa Kambale mbele yetu.

"Kazi ya macho ilikuwa ya nani? Toka kwangu!"

"Mama, miye siko muizi. Kila fimbo nilikwanguaka."

Nilikuwa nimesimama pale pale na sikufungua mdomo. Najichukia.

Nilipompigia mchumba kumuuliza kama ndiye anayeliuza, alicheka. "Nyamaza tu. Tukioana si itakuwa mali ya familia?" Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Nafua nguo safi, nafagia uwanja mara tatu, simu ikilia nashtuka.

Juzi nimemkuta Papa Kambale akibeba magunia kwenye soko la mpakani. Nikaanza kulia. Akatua gunia, akaniambia taratibu: "Asubuhi ile nilikuonaka na mukasi, binti yangu. Siwezi kukusema. Utajisema we mwenyewe."

Harusi yangu ni Jumamosi ijayo. Nikisema, ndoa imekufa. Nikinyamaza, mzee wa watu anabaki mwizi. Na mama, ambaye sasa anakwangua mashina peke yake, ameshanichagulia waridi lile lile la kubeba kanisani. Anasema yangu hatayakwangua macho, ili nikapande kwangu.

Ndugu zangu, nishaurini. Mama nimwangalieje usoni akinikabidhi?