Mama Mkwe na Ufunguo wa Chati ya Maziwa

Niliolewa upande wa Sotik katikati ya miaka ya tisini, nikitoka kwetu kando ya ziwa. Nilikuwa nimesomea kompyuta kidogo mjini Kericho, nikapata kazi ya uchapaji katika ofisi ndogo sokoni, mahali watu walipoletea barua za kuomba kazi na programu za harusi. Kipsigis changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hivyo mimi na mama mkwe tuliongea Kiswahili, kila mmoja akimsamehe mwenzake makosa.

Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama sita waliopeleka maziwa pamoja kwenye kituo cha kupoza maziwa. Siku moja wakaambiwa afisa wa mifugo atawatembelea, na angetaka kuona kila boma limeendeleaje mwaka ule. Mama akaja jikoni kwangu, akavuta kigoda.

"Nasikia hiyo mashine yenu inaweza kuchora."

"Inaweza, Mama."

"Basi ichore maziwa yetu."

Mwajiri wangu aliniruhusu kutumia kompyuta saa ya chakula cha mchana. Niliingiza maziwa ya kila boma, mwezi kwa mwezi, na mistari ikajichora. Sikuandika majina. Wenyewe walijuana kwa mahali: boma la kilimani, la kwa mwalimu, la mtoni. Upande wa kulia kikatokea kisanduku cha kueleza mstari upi ni wa nani, kile ambacho shuleni, kwenye ramani, tulikiita ufunguo. Printa yetu ilitoa nyeusi tu, kwa hivyo nilipaka rangi kwa penseli, kwenye mistari na kwenye ufunguo.

Mama aliitazama karatasi kwa muda. Mimi nilingoja sifa.

"Kwa nini mimi niko wa kwanza hapa?"

"Wewe ndiye mwenyekiti. Nilianza na wewe."

"Watasema nimejiweka. Anza na yule mama mzee wa kilimani, halafu fuata umri."

Nikarudi ofisini. Kompyuta ilikuwa na mahali pa kupanga mistari: unachagua boma, unabonyeza, linapanda hatua moja kwenye ufunguo. Nikawapanga kwa umri, kama ambavyo wangeketi kwenye sherehe, nikachapisha upya na kupaka rangi upya.

Safari hii Mama alijaribu kuisoma kama atakavyoisoma mbele ya mgeni. Kidole kilianza kwenye ufunguo, kikatafuta mstari, kikapotea. Mama wa kilimani alikuwa wa kwanza kwenye ufunguo, lakini mstari wake ulipita katikati. Wa kwa mwalimu, aliyetoa maziwa mengi kuliko wote, alikuwa karibu mwisho.

"Macho yangu yanaruka kama panzi," akasema.

Nikamweleza kwamba ingekuwa rahisi tukifuata mahali mistari inapoishia, pale pale kando ya ufunguo. Mstari wa juu uwe juu kwenye ufunguo, wa chini uwe chini. Jicho litavuka tu. Wote wawili tulijua nani angekuwa chini. Ng'ombe mkubwa wa Mama alikuwa ameugua kiwele, na mstari wake ulikuwa umeteremka tangu wakati huo.

"Tunaweza kubaki na hii ya umri," nikasema. "Heshima ni heshima."

"Heshima gani, na mtu haoni kitu? Niweke mahali maziwa yangu yameniweka."

Kesho yake alikuja ofisini mwenyewe, na kitambaa kipya kichwani. Nikamwonyesha cha kubonyeza. Akaliteremsha boma lake taratibu, hatua kwa hatua, huku akilisindikiza kwa Kipsigis kama mtu anayeshusha ng'ombe mtoni. Lilipofika chini akaniangalia, tukacheka mpaka mwajiri akachungulia mlangoni.

Siku ya mkutano tuliibandika chati ukutani kanisani. Mama akashika kijiti. "Hapa juu ni kwa mwalimu, fuateni hii nyekundu. Wa pili ni boma la mtoni." Hakuna aliyepotea, hata mama mzee wa kilimani, ambaye hakuwahi kuingia darasani. "Na huyu wa chini kabisa," akamaliza, "ndiye mwenyekiti wenu."

Wakacheka, afisa pia. Nilikuwa nyuma na birika la chai, nikaona mama wa kwa mwalimu hacheki. Baadaye alimfuata Mama nje; waliyosema Mama alinisimulia jioni.

"Hukutuambia kama ni mbaya hivi."

"Ningesema nini? Kila mtu ana ng'ombe wake."

Afisa alikuja kumwona yule ng'ombe siku hiyo hiyo. Chuchu moja haikuokoka, lakini zilizobaki zilipona. Na wiki iliyofuata, asubuhi ya ukungu, mama wa kwa mwalimu alitokea njiani akiswaga ng'ombe mwekundu aliyezaa karibuni. Wakipsigis wana desturi ya zamani ya kumpa jirani ng'ombe amlishe na kunywa maziwa yake, huku mnyama akibaki wa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeisikia tu. Waliongea kidogo sana, wakasimama wote wawili wakimpapasa yule ng'ombe mgongoni.

Mama alimkamua jioni, akaleta maziwa ya kwanza jikoni kwangu. "Pika chai," akasema, "na usiweke maji mengi."